Nilifuata Mabuibui Dubai, Nikarudi na Glavu za Kipa

Mpenzi msomaji, nikisema nilikuwa Dubai najua utaniwazia niko juu ya lile ghorofa refu kuliko yote duniani, miwani ya jua usoni, juisi ya embe mkononi. Hebu shuka, tena shuka taratibu. Sisi tunaouza nguo Kariakoo Dubai yetu ni nyingine. Tunakwenda na begi tupu, tunarudi na mzigo, na hapo katikati ni miguu tu inayoteseka: Deira asubuhi, Deira mchana, Deira usiku. Ghorofa lenyewe nililiona kwa mbali kupitia dirisha la basi, nikalipungia mkono, yakaisha.

Ilikuwa Februari 2025, zimebaki siku kumi hivi mwezi mtukufu wa Ramadhani uandame. Kila mwenye duka Kariakoo anajua maana yake. Mabuibui, kanzu za watoto, mitandio, vyote viwe vimeshaingia kabla watu hawajaanza kuulizia nguo za Idi. Ukichelewa utabaki unajiuzia mwenyewe. Kwa hiyo nilikwenda kikazi hasa. Mtu angeniambia kwamba nitakaa jioni mbili nzima uwanjani nikitazama wanawake wakisakata kabumbu, ningemcheka mpaka jino la mwisho lionekane.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Na kabla sijakupeleka huko uwanjani, acha nikung'ate sikio jambo moja ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Bila hilo hutaelewa kwa nini nilitokwa machozi kwenye mechi isiyonihusu ndewe wala sikio.

CHUJIO

Mimi na mdogo wangu wa mwisho tunaishi wawili tu Tandika, tangu mama yetu alipofariki. Yeye ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mimi ndiye mama, ndiye baba, ndiye wa kukimbizana na mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi. Mtoto mwenyewe mtulivu, hana makuu. Mwishoni mwa 2024 akaniambia anacheza mpira shuleni, tena golini. Nikamnunulia njumu za mtumba. Nikajisemea kimoyomoyo, haya, atachoka mwenyewe.

Januari wakacheza mechi yao ya kwanza, na shule ya jirani. Wakachapwa 6-0. Sita bila, msomaji! Tena bao la nne lilimpita katikati ya miguu, na kijana mmoja wa mtaani alikuwa amesimama nyuma ya goli anapiga video. Kufikia magharibi simu za Tandika nzima zilikuwa nalo. Kesho yake wakampa jina: Chujio. Eti kila kitu kinapita.

Utani ungekuwa wake peke yake pengine ningevumilia. Lakini na mimi nikipita kijiweni na mfuko wangu wa nyanya nasikia, "Shikamoo dada yake Chujio!" Wacha wee! Nilifika nyumbani nimefura kama andazi. Nikazichukua zile njumu, nikazisokomeza ndani ya robota la mitumba, nikamwambia mpira umekwisha leo, sitaki kuusikia tena humu ndani.

Nilitegemea atalia, tugombane, halafu tupatane kama kawaida yetu. Hakulia. Alisema tu, "Sawa, dada," akaenda kuosha vyombo. Tangu siku hiyo akawa ananijibu kwa neno moja moja. Nikapanda ndege na lile "sawa" lake kichwani.

SHARJAH MPAKA SHARJAH

Mimi Dubai silali, hela ya hoteli naipata wapi? Huwa nafikia Sharjah, mji wa jirani, mtaa wa Rolla, kwa shoga yangu niliyekua naye. Yeye anasuka nywele kwenye saluni moja huko. Ana kitanda chake katika chumba cha wanawake watano, nami nikija nachomekwa humo humo. Wafanyakazi wengi wanaotafuta riziki Dubai wanalala Sharjah kwa sababu kodi ni nafuu, na ndiyo maana foleni ya kati ya miji hiyo miwili, asubuhi na jioni, inaifanya foleni ya Mbagala ionekane ina adabu.

Sharjah wana mambo yao. Pombe ni marufuku mji mzima, na mavazi ya kuacha mwili wazi hadharani yana sheria yake, kwa hiyo wewe dada mwenye visketi vyako jipange. Tangu 2022 ofisi za serikali za huko zinapumzika siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili. Kwa maana hiyo Alhamisi jioni ndiyo watu wanaanza kupumua.

Sasa Alhamisi hiyo, Februari 20, nimerudi kutoka Deira miguu imevimba, nataka kulala tu, shoga yangu ananiambia, "Vaa viatu vya chini, tunatoka."

"Wapi?"

"Mpirani."

"Nani anacheza na nani?"

"Wanawake. India na Jordan."

"Shoga, umelogwa wewe?"

Kumbe mwenzake wa pale saluni ni dada wa Kihindi kutoka Manipur. Hilo ni jimbo dogo la kule kaskazini mashariki ya India, linapakana na Myanmar, na ndilo linalosifika kwa kuzaa wachezaji wengi wa timu ya taifa ya wanawake. Dada huyo kwa timu yake ni mgonjwa kabisa. Alikuwa amekodi gari na wenzake na nafasi mbili zilibaki. Nikaona bora niende, maana kile chumba bila watu kingenirudisha kwenye mawazo ya nyumbani.

Uwanja uko Al Hamriyah, mji mdogo wa pwani. Kituko ni kwamba Al Hamriyah ni sehemu ya Sharjah, lakini ukitoka Sharjah mjini unapita kwanza Ajman, ambao ni ufalme mwingine, ndipo unaingia tena Sharjah. Ni kama utoke Ilala, upite Kibaha, halafu mbele uambiwe karibu Ilala.

Dereva wetu alikuwa mtu wa Calicut, kule Kerala. Alituuliza kwa Kihindi tunakwenda kuona nini, shoga yangu akamjibu kwa Kihindi chake cha saluni, yule bwana akacheka. Akasema wanaodhani mpira wa wanawake India umeanza juzi hawajui kitu. Ile mwaka 1980 hivi mji wao wa Calicut uliandaa mashindano ya Asia ya wanawake na India ikafika fainali, ikawa ya pili. "Halafu tukalala," alisema. "Tulilala miaka mingi sana."

KOMBE LENYEWE

Tukashuka. Usidhani ni uwanja kama wetu wa Benjamin Mkapa. Ni uwanja mdogo wa klabu, taa zinawaka, upepo wa bahari unapuliza kiasi cha kunitamanisha sweta. Ndiyo, sweta! Februari jioni Ghuba si lile joto unalosimuliwa. Watu walikuwa wachache, wengi Wahindi waliotoka kazini, wengine bado na sare zao.

Mashindano yenyewe yanaitwa Pink Ladies Cup. Nilikuwepo kwenye yale ya 2025, Februari 20 mpaka 26. Walikuja Korea Kusini, India, Thailand, Uzbekistan na Jordan, wote wa Asia, halafu Urusi kama wageni. Urusi wamefungiwa mashindano ya FIFA na ya Ulaya tangu Februari 2022, kwa hiyo wakawa wanabaki na za kirafiki tu. Kila timu ilikuwa na mechi tatu ndani ya siku saba.

Nikamuuliza yule dada wa Manipur, mshindi anapata nini? Anakwenda Kombe la Dunia? Akatikisa kichwa. Haendi popote. Hizi ni mechi za kirafiki.

"Sasa watu wametoka kwao huko mpaka hapa kwa ajili ya nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu wanakula. Akasema, "Ili wacheze."

Jibu lenyewe fupi, lakini nilikuja kulielewa siku zilizofuata. Timu ya wanaume ya taifa mechi haziikosi. Timu ya wanawake inaweza kukaa miezi na miezi haijakutana na mtu, halafu siku ya mashindano yenye tiketi inaingizwa uwanjani kama mwanafunzi aliyepelekwa kwenye mtihani bila kufundishwa. Wakati huo India walikuwa karibu na nafasi ya 70 duniani, Korea karibu na ya 20. Ukisubiri ukutane na Korea kwenye mashindano makubwa ndipo ujifunze kasi yao, umechelewa. Ghuba wakati wa Februari hali ya hewa ni nzuri na ndege zinatua kutoka pande zote za Asia. Basi watu wanakutana hapo katikati, wanapimana, kila mtu anarudi kwao anajua kidonda chake kiko wapi.

BIBI WA UNGUJA

Mechi ikaanza. Mimi mpira naujua wa kupigiwa kelele na redio za jirani, lakini hata mimi niliona kwamba wale mabinti wa India hawatanii. Walikuwa wanapokonyana gozi na Wajordani kama watu wanaogombea daladala ya mwisho ya Gongo la Mboto. India wakachungulia nyavu, dada wa Manipur akanirukia kifuani. Wakaongeza la pili. Mpaka kipenga cha mwisho 2-0.

Katikati ya mechi nilikuwa nabishana na shoga yangu kwa sauti, si unajua tena ukiwa ugenini unajisahau ukidhani hakuna anayekuelewa. Mara nikasikia sauti nyuma yangu: "Nyie watoto, mnatoka wapi?"

Nikageuka. Mama wa makamo ya miaka sabini hivi, buibui safi, hina mkononi, pembeni yake binti wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu aliyejifunga mtandio na kuvaa raba.

"Shikamoo bibi. Dar es Salaam."

"Marahaba, mwanangu. Mie nimezaliwa Unguja, Malindi. Tukaondoka mie mdogo, baada ya sitini na nne. Hebu nsemeshe semeshe, nna siku nyingi sijasikia Kiswahili cha bara."

Nchi hizo za Ghuba ndivyo zilivyo, msomaji. Unaweza kuwa sokoni Muscat au dukani Dubai unamsema mtu kwa Kiswahili, kumbe aliyesimama mbele yako alilelewa kwa uji wa Zanzibar. Chunga mdomo wako.

Bibi alisema mpira haujui, ila mjukuu wake anacheza na amemganda siku nzima aletwe. Nikachokoza kidogo: "Na huo mtandio, bibi, wanamruhusu?"

"Mbona umelala wewe," akasema. "Hayo yalishapita."

Na kweli yalishapita, lakini hayakupita hivi hivi. Kulikuwa na wakati FIFA ilikataza kujifunika kichwa uwanjani. Juni 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman, kwenye mechi za kuwania Olimpiki, kwa sababu hiyo hiyo. Mwana wa mfalme wa Jordan, Ali bin Al Hussein, aliyekuwa makamu wa rais wa FIFA, akalivalia njuga suala hilo. Mwaka 2012 ikaruhusiwa kwa majaribio, na Machi 2014 ikaruhusiwa moja kwa moja. Miaka miwili baadaye, 2016, Jordan wakaandaa Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, na hilo lilikuwa shindano la kwanza la wanawake la FIFA kufanyika Mashariki ya Kati. Kwa hiyo hao Wajordani niliowaona wakifungwa mbili walikuwa wametoka mbali kuliko nilivyodhani.

Basi maneno yakaleta maneno, na mimi mdomo ukanitoka. Nikamwambia bibi kwamba na mimi nyumbani nina kipa. Mjukuu akageuka haraka, macho yakamng'aa. Nikasimulia: 6-0, video, jina la Chujio. Nilisimulia kama kichekesho, na kwa kweli shoga yangu alicheka. Bibi hakucheka.

"Na mechi ya pili kafungwa mangapi?"

"Hakuna mechi ya pili, bibi. Nilimkataza. Njumu nimezificha."

Akanyamaza kidogo, akirekebisha buibui lake.

"Basi la saba umelifunga wewe."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekwambia kamba ya kiatu imefunguka. Halafu akauliza bei ya viazi Dar siku hizi. Nilijibu, lakini sijui nilijibu nini.

SIKU YA WAKOREA

Usiku ule sikulala vizuri, na sisemi kwa sababu ya kitanda. Jumapili, Februari 23, India walicheza na Urusi wakafungwa 2-0. Sikwenda, nilikuwa napigana na watu wa mizigo juu ya kilo. Lakini Jumatano, Februari 26, mimi ndiye niliyekwenda saluni kumuuliza dada wa Manipur kama gari ina nafasi. Shoga yangu akaangua kicheko. "Aliyelogwa ni nani sasa?"

Korea Kusini si watu wa mchezo. Mwaka 2022 walifika fainali ya Kombe la Asia, wakafungwa 3-2 na China, na 2023 walikuwemo kwenye Kombe la Dunia. Hapo Sharjah walikuwa wameshawachapa Uzbekistan 3-0 na Thailand 4-0. Wanacheza kama cherehani: pasi, pasi, pasi, huoni uzi unapopita, unaona nguo imeshashonwa.

Bao la kwanza lilipoingia, unajua nilifanya nini? Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nasubiri kicheko. Nilikuwa nasubiri mtu wa kijiweni aseme neno lake. Hakuna aliyecheka. Nikainua macho, nikamwona kipa wa India ameokota mpira nyavuni, ameurusha kati, anapiga makofi kuwaamsha wenzake. Beki mmoja akampitia, akamgusa begani, akarudi mahali pake. Basi. Mchezo ukaendelea.

Likaingia la pili, vile vile. Likaingia la tatu, vile vile. Akaokota, akarusha, akapiga makofi. Na kila baada ya bao Wahindi wale wachache jukwaani, wenye sare zao za kazi, walipiga kelele zaidi kuliko mwanzo.

Hapo ndipo machozi yalinitoka. Nilisingizia upepo wa bahari.

Dada wa Manipur akadhani nawasikitikia India. Akanifariji mimi, mgeni! Akasema tatu kwa Wakorea si vibaya. Akasema mwaka 2022 walipoandaa Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kwao India, Marekani waliwachapa 8-0 mechi ya kwanza, na mechi zote tatu walifungwa. Halafu akanigeukia: "Lakini nyie Tanzania si mlifika robo fainali kwetu pale?"

Msomaji, niliona aibu. Mtu wa Manipur ndiye ananikumbusha mambo ya Serengeti Girls! Mechi ya kwanza Japan iliwachapa watoto wetu 4-0. Ingekuwa mimi ndiye dada yao wote, ningezificha njumu za timu nzima usiku ule ule. Mechi ya pili wakaifunga Ufaransa 2-1. Wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali, ndipo Colombia wakawatoa kwa 3-0. Ufaransa ile! Na wangesimamia ile nne ya Japan tusingejua kwamba wanaweza.

Mechi ikaisha 3-0. Korea wakalichukua kombe kwa mechi tatu, mabao kumi, bila kuruhusu hata moja. Nilitafuta kwa macho yule bibi wa Unguja nimwambie kitu, sikumwona.

SENTIMITA 17

Kesho yake, siku ya kuondoka, nikaingia duka la vifaa vya michezo pale Rolla. Nikampigia simu mdogo wangu.

"Chukua rula."

"Sawa."

"Pima kiganja chako, kuanzia ncha ya kidole kirefu mpaka kwenye kifundo."

Kimya. Nikasikia droo inafunguliwa.

"Kumi na saba."

"Una uhakika?"

Kimya tena, kirefu zaidi. Halafu: "Dada, hizo ni za kudakia? Kama ni za kudakia chukua kubwa kidogo, maana vidole vinatakiwa viwe na nafasi mbele, mwalimu alisema, na uangalie mpira wa ndani usiwe mgumu..."

Alizungumza dakika tatu bila kupumua. Maneno ya mwezi mzima yote yalitoka siku hiyo. Glavu zilikuwa dirhamu 60, kama shilingi elfu arobaini na mbili kwa hela ya wakati ule. Ni buibui moja zima hilo. Nikalipa.

Nimerudi Dar nikakimbilia lile robota nitoe njumu, na hapa ndipo Mungu alipoamua kunichapa. Kijana ninayemwachia kibanda alilifungua nikiwa safarini, akaziuza kwa shilingi elfu nane. Tena ananieleza kwa furaha, "Dada, zile zimetoka fasta!" Nikameza mate, nikaenda Karume kununua nyingine kwa elfu ishirini na tano. Ujinga una gharama yake, na risiti yake hukupati wewe mwenyewe.

Jioni nikampa vyote, nikamwomba radhi. Akasema, "Sawa, dada." Neno lile lile, lakini safari hii alikuwa ananitazama usoni.

Baada ya Idi wakacheza mechi ya pili. Nilifunga kibanda saa nane mchana, nikaenda. Wakafungwa 3-0. Nilisimama nyuma ya goli lake, na kila lilipoingia nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Yule kijana wa video alikuwepo. Nilimwangalia jicho moja tu, akaiweka simu mfukoni.

Na hao wa Sharjah je? Julai 5, 2025, Chiang Mai, India walikutana na Thailand nyumbani kwao Thailand, mshindi anafuzu Kombe la Asia la Machi 2026 kule Australia. Thailand hao walishacheza Kombe la Dunia mara mbili, 2015 na 2019. India wakashinda 2-1, mabao yote mawili ya Sangita Basfore. Haikuwahi kutokea India ipite kwenye mchujo wa namna hiyo. Uzbekistan nao wakafuzu. Sikudanganyi kwamba kila anayefungwa leo atashinda kesho: Jordan, tena wakiwa kwao Amman, walifungwa 2-1 na Iran, wakabaki nyumbani. Mpira ndio huo. Lakini aliyeokota mpira nyavuni Februari ndiye aliyekuwa na nafasi ya kushangilia Julai, na hilo halina ubishi.

Mdogo wangu ndiye aliyenisomea matokeo hayo kwenye simu, ameketi mlangoni anafuta glavu zake kwa kitambaa chenye maji. Kijiweni hawajaacha kumwita Chujio. Naye kaamua kuwamaliza: kalichukua jina hilo, kaliandika kwa wino mweusi kwenye glavu zote mbili, herufi kubwa.

Haya msomaji, kama na wewe umeficha njumu za mtu mahali, nenda kazitoe kabla hazijauzwa. Tukutane wiki ijayo.